Dirisha la Krismasi lisilo na ng'ombe

MamaTunu:
Habari zenu wapendwa. Jumamosi mvua ilinikimbiza ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Philip, hapa Birmingham. Mbele kuna madirisha marefu ya vioo vya rangi. Lile la kuzaliwa Yesu nimelitazama mpaka shingo ikauma: Maria yupo, wachungaji wapo, malaika wamejaa juu, ila ng'ombe hata mmoja! Kwa nini? Na ule weusi kwenye mikunjo ya nguo, haubanduki?

FundiKioo:
Shikamoo mama. Rangi imo ndani ya kioo chenyewe. Madini hutiwa kioo kikiwa bado uji wa moto. Kobalti ndiyo hutoa buluu. Weusi hupakwa kwa brashi, kisha kipande kinachomwa tanuri mpaka vishikane. Mistari minene ni risasi, yale madini laini, inayounga vipande.

MzeeWaDigbeth:
Ng'ombe walikataliwa na mama aliyelipia, Emma Villiers-Wilkes. Damu nayo hakuitaka kwenye dirisha la kusulubiwa. Mwenye hela kasema, mchoraji afanyeje? Naye ni Edward Burne-Jones, alibatizwa humohumo. Hayo mawili ni ya 1887. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vioo vilivuliwa vikafichwa mgodini Wales. 1940 kanisa likapigwa bomu, vyenyewe viko salama.

MamaTunu:
Marahaba mwanangu. Mzee, asante, sasa huyo mama ng'ombe walimkosea nini?

MzeeWaDigbeth:
Muulize yeye! Ukirudi geuka nyuma, dirisha la Hukumu ya Mwisho liko magharibi. Nenda alasiri, jua likiipiga nyekundu yake utanyamaza.