Tupeane uzoefu: Nani amefika mahali alipopaona kwenye filamu za Detective Conan?

Mpenzi wa Mafumbo, Kasarani
Hamjambo wadau. Hizi filamu za katuni za Kijapani, za mpelelezi Conan, nimezitazama tangu nikiwa shule ya upili, na zaidi ya mafumbo kilichonishika ni miji. Wachoraji huchora mahali palipo kweli. Januari 2025 nilikuwa Sapporo, kisiwani Hokkaido, Japani, kwa masomo, wikendi moja nikapanda treni, safari ya karibu saa nne, hadi Hakodate. Huko ndiko kisa cha filamu ya 27, iliyotoka Aprili 2024, kinakotokea.

Nilianzia Goryokaku, ile ngome yenye umbo la nyota. Ukiwa chini huoni nyota yoyote. Unaona handaki lenye barafu, ukuta wa mawe, misonobari, na njia inayokata kona kila baada ya hatua chache, nilidhani nimepotea. Nikapanda mnara ulio kando, mita 90 juu, nikainama kwenye kioo. Pembe zote tano zilikuwa pale, nyeupe pee kwa theluji. Ujenzi wake ulianza 1857 kwa mtindo wa Ulaya, ili askari wa pembe moja waweze kumpiga adui anayeukaribia ukuta wa pembe ya pili. Mwaka 1869 wafuasi wa mwisho wa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani ya zamani, walisalimu amri hapo, siku chache baada ya kamanda wao Hijikata Toshizo kuuawa mjini humo. Upanga unaowindwa kwenye filamu unahusishwa naye, kwa hiyo kusimama pale kulinigusa kuliko nilivyotarajia.

Usiku nikapanda Mlima Hakodate, mita 334, kwa kile kijigari kinachoning'inia kwenye waya. Dakika tatu tu. Mji umebanwa na bahari huku na huku, taa zimejaa katikati kama kiuno kilichofungwa shanga. Wenyeji huiita mandhari ya dola milioni, na jina la filamu, The Million-dollar Pentagram, limetoka hapo. Simu yangu ilizima kwa baridi kabla sijapiga hata picha moja. Nyanya mmoja aliyekuja na mjukuu wake aliona navyohangaika, akanitilia mkononi kipakiti cha joto, akanionyesha nikibane pamoja na simu. Ikawaka. Kile kipakiti ninacho hadi leo, kimekauka kama jiwe.

Nanyi je?

Mama Brayo, Umoja
Mimi ni Singapore, 2022, nilipoenda kwa mafunzo ya kazi. Filamu ya 2019 inatokea huko. Brayo alikuwa na miaka 11, na aliniapisha nimpigie simu ya video nikiwa mbele ya Marina Bay Sands, ile hoteli ya minara mitatu iliyobebeshwa kitu kama meli juu. Saa kumi jioni ametoka shule, kwangu ni saa tatu usiku. "Mum, songa kushoto. Rudi nyuma kidogo. Hapo hapo!" Alikuwa amesimamisha filamu kwenye televisheni, anafananisha. Nilisonga hadi kisigino kikagusa ukingo wa maji. Alipopiga kelele kwamba imelingana, machozi yalinitoka.

Na ile sanamu ya huko ya simba mwenye mkia wa samaki, Merlion, ina urefu wa mita 8.6. Kwenye filamu nilidhani ni kubwa zaidi.

Msomaji wa Usiku, South B
Mimi London, kwa dada yangu. Filamu ya 2002 inawapeleka watoto London ya enzi za Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni. Sanamu yake iko nje ya kituo cha treni cha Baker Street. Mvua ilinyesha, lakini nilisimama pale muda mrefu.

Wa Githurai
@Mpenzi wa Mafumbo, naenda Hokkaido Januari, Mungu akijalia. Mlimani nipande saa ngapi?

Mpenzi wa Mafumbo, Kasarani
Usipige hesabu ya Nairobi, ndugu. Huku jua latua saa kumi na mbili na nusu. Kule Januari linatua kabla ya saa kumi na moja jioni. Uwe juu kufikia saa kumi, uone taa zikiwashwa mtaa baada ya mtaa. Na simu iweke ndani ya koti, karibu na kifua.