Fundi kaniambia "gia nyingi ndio wepesi", sasa baiskeli yangu ya kukunja iko chini ya kitanda

Wakuu, poleni na majukumu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "baiskeli gani nzuri kununua". Hapa siulizi cha kununua, hapa nalia.

Naishi Makongo Juu, kibarua kipo Mwenge. Nimepanga chumba kimoja na mwenye nyumba hataki kuona hata ndoo koridoni, ndio maana nikatafuta baiskeli ya kukunja. Nikapata mtumba wa Japani, magurudumu ya inchi 20, krenki (duara la meno kwenye pedeli) ya meno 52 mbele, nyuma frewili (fungu la magia ya gurudumu la nyuma) ya gia 7 yenye meno 14 hadi 28. Asubuhi kushuka ni raha tupu, pedeli sizigusi. Jioni ndio kilio. Gia namba moja bado nzito, mapaja yanawaka, watoto wa shule wananipita kwa miguu: "Shikamoo anko, pole!" Pole ya nini sasa?

Nikaenda kwa fundi, simtaji jina wala kijiwe chake. Nikamwambia nataka gia ya kupandia mlima, basi. Akaitazama mara moja tu: "Bosi, hii ina gia chache. Gia nyingi ndio wepesi."

Jamani. Nani aliwafundisha hii kitu? Wepesi unatoka kwenye kugawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, jibu likiwa dogo ndio wepesi, hakuna uchawi mwingine. 52 kwa 28 ni 1.86, yaani pedeli ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka karibu mara mbili. Gurudumu la inchi 20 linatembea kama mita 1.5 kila likizunguka, kwa hiyo kila nikikanyaga mzunguko mmoja najisukuma karibu mita 2.8 kupanda mlima. Nifungie gia 9 za meno 11 hadi 28, mlima utabaki uleule! Kilichoongezeka ni kasi ya kushukia, na kushuka sikuwahi kulalamika.

Nilipombana kwa hesabu akabadili wimbo. Akaleta gurudumu zima la nyuma lenye gia 3 za ndani, zile zinazojificha kwenye kitovu cha gurudumu, aina ya Nexus ya Shimano, analiuza 150,000. "Hizi za ndani hazina kelele wala hazichoki, na ni nyepesi." Kelele hazina, kweli, na cheni haichezi ukikunja baiskeli. Lakini nyuma lina meno 18. 52 kwa 18 ni 2.89, na gia ya kwanza ya Nexus 3 inapunguza hadi asilimia 73 hivi. Unapata 2.12. Nzito kuliko niliyokuwa nayo! Nitoe laki na nusu nijiongezee mzigo? Gia za ndani zinafaa, ila mpaka ubadilishe na meno ya nje, jambo ambalo hakuligusa kabisa.

Tatu akatoa frewili ya gia 7, meno 14 hadi 34. Hapo nikalainika, maana 52 kwa 34 ni 1.53, hesabu inakubali. Elfu 85 na ufundi ndani. Nikalipa taslimu kama mjinga.

Alichofanya ni hiki. Kafungua frewili ya zamani, kafunga mpya, kapaka grisi, kazungusha pedeli hewani kwenye gia ya tatu, "iko poa bosi". Cheni ni ileile, hakuongeza hata pingili moja. Mkono wa gia, ule unaoning'inia nyuma na vigurudumu viwili, ni uleule mfupi uliotengenezwa kwa meno 28 mwisho. Kuzunguka meno 34 kunataka cheni ndefu zaidi, hili hata mtoto aliyewahi kufunga mkanda kiunoni analijua.

Jioni, katikati ya mlima, nikaweka gia moja. Cheni ikapanda, ikakaza kama kamba ya kuanikia, mkono ukavutwa mbele, kraak! Ukaingia kwenye spoku. Spoku nne kwisha, na lile sikio la fremu linaloshika mkono wa gia likakatika. Kwenye baiskeli yangu sikio si la kufungua kwa skrubu, limeungana na fremu, na fremu ni alumini. Mchomeleaji wa mageti haigusi.

Kesho yake nikambebea. Unajua alisema nini? "Uliweka gia moja ukiwa na mzigo, ile si ya kutumia mlimani." GIA YA MLIMANI SI YA KUTUMIA MLIMANI. Akanipa elfu 20, eti ya soda.

Kinachoniuma zaidi: nikiwa nabishana naye nikainua macho, ukutani nyuma yake imening'inia krenki ya meno 42. Ilikuwepo siku zote! 42 kwa 28 ni 1.5 kamili, nyepesi kuliko hiyo 34 yake, na frewili ingebaki yangu, mkono ungebaki wangu, kazi ni kufunga krenki na kupunguza pingili chache za cheni. Ningepoteza kasi ya mwisho, sawa, kutoka 3.7 (52 kwa 14) hadi 3 (42 kwa 14). Kwenye foleni ya Mwenge nani anamkimbiza nani? Na msiniambie ningeweka mkono mrefu. Kwenye gurudumu dogo hivi mkono mrefu unakaribia kuramba lami, tuta moja tu umekwisha, na ukikunja ndio kitu cha kwanza kugonga sakafu.

Anayemjua mchomeleaji wa alumini mwenye mashine ya gesi ya argoni, maeneo ya Mwenge, Sinza au Ubungo, aniandikie hapa na bei. Na wewe fundi unayetaka kuniambia nilibadili gia vibaya, pita kushoto.