Tupeane uzoefu: Fedha huru kwenye mashirika yanayolea viongozi vijana, zinaingiaje na zinaharibikia wapi

LejaNyekundu (mleta mada)
Wakuu, salaam. Kuna tangazo la kazi linazunguka kwenye magrupu tangu asubuhi: shirika la vijana linatafuta mhasibu, mshahara "utategemea upatikanaji wa mradi". Maneno hayo yanaeleza ugonjwa wote. Kijana anahitaji miaka mitatu au minne kuiva: anaingia klabu akiwa kidato cha pili, anasimamia mdahalo, anakuwa mwezeshaji, mwisho anasimama kwenye mkutano wa kijiji akihoji mapato na matumizi. Mradi unadumu miezi 12, ukibahatika 18. Katikati hapo kuna miezi ambayo hakuna mfadhili anayelipa pango. Miezi hiyo inabebwa na fedha huru, yaani ruzuku ambayo mkataba wake unasema ni ya kuendeshea shirika, siyo semina 6 na fulana 200. Mliowahi kuziandikia ripoti, kuzikagua au kuzisimamia, wekeni hapa yanayotokea kweli. Na namba tafadhali.

Mpwani_wa_Pangani
Umegusa penyewe. Mhasibu hakuna anayetaka kumlipia, lakini hesabu zilizokaguliwa wanazitaka wote.

RulaNaKalamu
Niweke kisa kimoja. Waliokagua mashirika madogo ya Kanda ya Ziwa wanalijua, jina naliacha.

Shirika lina watu watano: mratibu 1,800,000, mhasibu 1,400,000, wawezeshaji watatu 900,000 kila mmoja. Jumla 5,900,000 kabla ya makato. Juu yake mwajiri anaongeza NSSF asilimia 10, yaani 590,000, na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5, yaani 29,500. SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) haiwahusu kwa sababu hawafiki watu 10. Mwezi mmoja wa kufungua mlango ni 6,519,500, hujalipa pango wala umeme.

Wana miradi miwili. Mradi A, ambao ndio unaolipa mishahara, awamu yake ya pili ilitakiwa kuingia mwanzoni mwa Machi. Ripoti ya awamu ya kwanza ikarudishwa mara mbili. Mara ya kwanza, risiti tatu za ukumbi hazikuwa za EFD, yaani mashine ya kodi. Mara ya pili, fomu ya nauli ya vijana ilikuwa na saini 19 za mwandiko mmoja, kwa sababu vijana waliwahi gari la mwisho na mwezeshaji akawasainia. Fedha walipata kweli, lakini karatasi inasema vingine. Kila ripoti ikirudishwa, mfadhili anachukua wiki tatu kuisoma upya. Akaunti ya mradi A ikabaki na 212,000.

Mradi B ulikuwa na milioni 31 zimetulia benki zikisubiri mafunzo ya Juni. Mishahara ya Machi na Aprili, 13,039,000, ikatoka huko. Hakuna muhtasari wa bodi wala hati ya kukopa. Leja ya B imeandikwa neno moja tu: mishahara.

Mei akaja mkaguzi wa B. Taarifa ya benki kushoto, leja kulia, anateremka na rula mstari kwa mstari. Alipofika kwenye malipo yale mawili akauliza swali moja: fomu za muda wa kazi za watu hawa kwenye mradi B ziko wapi? Hazikuwepo na zisingeweza kuwepo, maana miezi hiyo walikuwa wanafanya kazi ya A.

Kiasi chote kikaandikwa gharama iliyokataliwa. Mfadhili B akataka fedha zake ndani ya siku 30, kwa dola, kwa kiwango cha siku ya kurudisha. Mfadhili A alipoachia awamu ya pili alikubali mshahara wa Machi tu. Wa Aprili aliukataa, kwa sababu kipindi cha awamu ya kwanza kiliisha 31 Machi na hakuna aliyeandika barua ya kuomba kuongezewa muda. Pengo: 6,519,500, na shirika halikuwa hata na shilingi moja isiyo na mwenyewe. Wawezeshaji wawili wakaondoka Juni. Kundi la vijana 42 lilikuwa mwezi wa saba kati ya 12.

Milioni 13 za fedha huru zingekaa pale miezi miwili, Machi ingerudishwa na A, na B asingeguswa.

Bint_Mwanaharusi
Pole yao jamani. Saini 19.

MkweliDaima
Tusipambe maneno. Kuchukua fedha za mradi mmoja ukalipia mwingine ni wizi.

RulaNaKalamu
Ndugu, wizi ni mtu kwenda nazo nyumbani. Pale kila mtu alipata mshahara wake wa kila mwezi. Ni kukopa kusikoandikwa. Angalau wangekuwa na muhtasari wa bodi, hati ya kukopeshana baina ya mifuko yenye tarehe ya kurejesha, na ruhusa ya mfadhili B kwa maandishi.

MkweliDaima
Mikataba mingi inakataza hata ukiandika hati kumi. Soma kifungu cha matumizi. Usiwafundishe watu njia ya mkato.

RulaNaKalamu
Ndiyo maana nimesema ruhusa kwa maandishi. Bila ruhusa hiyo usiguse.

DadaWaBajeti
Mnabishana juu ya jipu, mzizi wake uko kwenye bajeti. Chukueni mishahara hiyohiyo aliyoitaja Rula. Kwa mwaka: mratibu 21.6 milioni, mhasibu 16.8, pango la 450,000 kwa mwezi 5.4, ukaguzi wa hesabu tuseme 4, umeme na intaneti 2.4. Jumla 50.2 milioni, na michango ya mwajiri sijaiweka. Tuseme shirika lina miradi mitatu ya milioni 60 za kazi za moja kwa moja, yaani 180. Gawanya 50.2 kwa 180: karibu asilimia 28. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kuibeba miradi hiyo.

Sasa angalia kinacholipwa. Kwa gharama za uendeshaji, Umoja wa Ulaya kwa kawaida hauzidi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Hiyo ni milioni 4.2 kwa mradi, 12.6 kwa yote mitatu. Pengo ni 37.6. Fedha za serikali ya Marekani, kwa asiye na kiwango alichojadiliana, zilikuwa asilimia 10, zikapanda hadi 15 kuanzia 1 Oktoba 2024. Hata miradi yote mitatu ingelipwa 15, ungepata 27 na bado una pengo la 23.2. Na wengi hawakuionja hiyo 15: 20 Januari 2025 ikaja amri ya kusimamisha misaada siku 90.

Kila mradi unaoingia bila kulipa gharama yake kamili unakula fedha huru za shirika. Ukiongeza miradi unaongeza njaa.

Kaka_Mwandishi_wa_Maandiko
Dada heshima yako, lakini umemweka mratibu mzima kwenye gharama za uendeshaji. Kama asilimia 40 ya muda wake anawafundisha vijana mwenyewe, hiyo 8.64 milioni iandikwe kwenye miradi moja kwa moja. Za pamoja zinashuka hadi 41.56, za moja kwa moja zinapanda hadi 188.64, kiwango kinakuwa 22. Andiko lenye 22 linasomeka vizuri mezani kuliko lenye 28.

DadaWaBajeti
Sawa kabisa, kwa sharti kwamba fomu ya muda wa kazi inajazwa kila wiki na anayesimamia anasaini, siyo kukaa Desemba mkajaza mwaka mzima kwa kalamu moja. Na asitozwe mara mbili, huku kwenye mradi na kule kwenye gharama za pamoja.

Mgeni_Kigoma
Habari zenu wakubwa. Samahani, fedha huru hizi ndizo zile asilimia 10 za halmashauri?

Mpwani_wa_Pangani
Hapana mdogo wangu. Zile ni asilimia 10 za mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni mkopo usio na riba kwa vikundi, unarudishwa. Shirika halilipi mhasibu kwa mkopo wa kikundi.

Mgeni_Kigoma
Ahsante. Basi nani anatoa hizi?

Kaka_Mwandishi_wa_Maandiko
Ford Foundation walianza BUILD mwaka 2016: dola bilioni 1, ruzuku za miaka mitano zenye sehemu ya kujenga taasisi yenyewe. Segal Family Foundation wanafanya kazi na mashirika ya wazawa ukanda huu. MacKenzie Scott, tajiri wa Marekani, hutoa kwa mkupuo bila kukupangia matumizi. Ila fahamu kwamba wengi wa aina hii hualika wenyewe, hawakai wakisubiri andiko lako. Wanauliza kwa wale wanaokufadhili tayari. Kwa hiyo ripoti ndogo ya mradi wa milioni 8, ikifika siku iliyoahidiwa, inafanya kazi kuliko andiko la kurasa 40.

Mama_Bodi
Naomba nirefushe hapa kwa sababu watu wanakwama mlangoni.

Taasisi binafsi ya Marekani ikitaka kukupa fedha huku, sheria yao ya kodi inawapa njia mbili kubwa. Moja ni kuwajibika kwa kila dola: mkataba wa kina, ripoti za matumizi, na fedha zao zitenganishwe na nyingine. Ya pili ni kuthibitisha kwamba wewe ni sawa na shirika la hisani la kwao. Kazi hiyo wengi wanaipitishia NGOsource, iliyoanza mwaka 2013. Njia ya pili ndiyo inayorahisisha fedha huru, na inasomwa kwenye katiba yako. Fungua kifungu cha kuvunjika kwa shirika. Kikisema mali iliyobaki "itagawanywa kwa wanachama", umeishia hapo. Kiseme itakabidhiwa shirika jingine la hisani lenye malengo yanayofanana. Rekebisha sasa, kwa mkutano mkuu halali, upeleke kwa Msajili wa mashirika. Usisubiri barua ya mfadhili, maana atakupa siku chache tu.

La pili linatuhusu sisi wa vijana hasa. Tunalea viongozi, nao wanagombea. Mhitimu akichukua fomu ya udiwani, fedha za mfadhili huyo haziruhusiwi kugusa kampeni: si fulana, si mafuta ya pikipiki, si ukumbi. Huru maana yake si huru kwa hilo. Na sheria yetu ya mashirika yasiyo ya kiserikali Na. 24 ya 2002 inataka shirika lisifungamane na chama. Andikeni sera ya ukurasa mmoja: mfanyakazi au kijana wa kamati akichukua fomu, anakaa pembeni tangu siku hiyo, anakabidhi simu ya ofisi, kompyuta na funguo kwa maandishi.

Wa_Kisumu
Mama, asante sana. Huku Kenya swali la kwanza siku hizi ni kama umehamia kwenye sheria ya PBO (mashirika ya manufaa ya umma) ya 2013, iliyoanza kutumika 14 Mei 2024. Cheti cha zamani pekee kinaleta maswali.

LejaNyekundu
Na kwetu Tanzania msisahau kanuni za 2018: mkataba wa fedha unaozidi milioni 20 unapelekwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Fedha huru zinasumbua hapo kwa sababu mkataba hauna orodha ya shughuli. Bodi ipitishe mgawanyo wa ukurasa mmoja (mishahara, pango, ukaguzi, akiba, mfuko wa vijana) uambatanishwe.

Bint_Mwanaharusi
Rula, samahani, wale vijana 42 waliishia wapi?

RulaNaKalamu
Kundi lilivunjika. Walibaki 15 waliokuwa wanakutana Jumamosi chini ya mwalimu mmoja, bila nauli. Waliotoka vijiji vya mbali ndio walioacha kwanza, na wengi wao walikuwa wasichana.

Bint_Mwanaharusi
Inauma sana.

Mama_Bodi
Hapo ndipo akiba inapoonekana ni ya nani. Shikilieni miezi 3 ya gharama za kufungua mlango. Kwa mishahara ya Rula na pango la Dada ni karibu milioni 21.

MkweliDaima
Mitatu haitoshi. Mwaka 2025 umeonyesha: siku 90 zilipokwisha fedha za wengi hazikurudi. Miezi 6.

Wa_Kisumu
Na vijana walioko leo wale nini wakati mnajaza ghala? Sehemu ya fedha hizo wapewe wazipange wenyewe.

Mama_Bodi
Vyote viwili vinawezekana. Ruzuku huru ya milioni 50: 10 ziende kwenye akiba kwa azimio la bodi, akaunti yake, saini tatu. Milioni 5 ziwe mfuko wa vijana. Kamati yao watu 7, kikomo 500,000 kwa shughuli, masurufu (fedha wanazochukua kabla ya shughuli) yarejeshwe kwa risiti ndani ya siku 7, na hakuna masurufu mapya kabla ya yale ya kwanza kurejeshwa. Kijana aliyewahi kurejesha masurufu na kukataliwa risiti atasoma taarifa ya mapato ya kijiji kwa jicho jingine.

DadaWaBajeti
Kabla ya hayo yote, tafuteni kwenye mkataba maneno "salio litarudishwa". Kama yapo, akiba haiwezekani, na fedha hizo ni mradi tu. Ombeni yaondolewe kabla ya kusaini. Na leja iwe na namba: 100 fedha huru, 101 akiba, 201 na kuendelea miradi. Kila hati ya malipo ibebe namba yake siku ileile, siyo mwisho wa mwezi.

Mgeni_Kigoma
Ripoti ya fedha huru inaandikwaje kama hakuna shughuli zilizopangwa?

DadaWaBajeti
Wengi huomba hesabu zilizokaguliwa za shirika zima na maelezo ya kurasa mbili tatu. Neno ni "shirika zima". Wengi wenu mna ukaguzi wa mradi mmoja mmoja, na hizo karatasi hazijumlishiki kuwa moja. Mwambie mkaguzi tangu barua ya kumwajiri kwamba unataka hesabu za taasisi, na fedha huru zionekane safu yake peke yake. Maelezo yaseme nini kimekuwepo mwaka huu ambacho kisingekuwepo: wawezeshaji wangapi wamebaki, vijana wangapi wa mwaka jana bado wanafuatiliwa, pango limelipwa hadi mwezi gani. Na kama fedha zinaingia kwa dola, hifadhi barua ya benki ya kiwango cha siku ya kubadilisha, kila mara unapobadilisha. Ukiikosa, mkaguzi atatumia kiwango chake.

Mgeni_Kigoma
Nimeandika yote. Kesho naanza na katiba, kifungu cha kuvunjika.