Mrejesho: alama za majaribio ya GRE na alama za mtihani wenyewe

Ndugu zangu, kabla ya mtihani niliuliza iwapo alama za majaribio ya GRE, mtihani unaotumika kuomba masomo ya uzamili hasa Marekani, zinaweza kuaminiwa kutabiri alama halisi. Nimeshaufanya, na huu ndio mrejesho. Majaribio ya POWERPREP, yanayotolewa bure na ETS ambao ndio watungaji wa mtihani, yalinipa 160 katika hesabu na 152 katika lugha, na siku yenyewe nikapata 161 na 150. Majaribio niliyoyalipia kwa kampuni nyingine yalikuwa yakinionyesha 154 katika hesabu, na kwa kweli yalinikosesha usingizi bure. Nadhani sababu iko kwenye upangaji wa maswali: katika GRE, ugumu wa sehemu ya pili ya hesabu au ya lugha hutegemea ulivyoifanya sehemu ya kwanza, kwa hiyo jaribio lisiloiga utaratibu huo vizuri linaweza kukupa namba isiyolingana na uwezo wako.

Sharti la kuziamini alama za jaribio ni kukaa dakika 118 mfululizo, kuanzia insha hadi swali la mwisho, bila kusimamisha saa. Jaribio nililolifanya kwa vipande, nikiinuka kunywa chai kati ya lugha na hesabu, lilinipa alama za juu kuliko yote, na silihesabu kabisa. Kuhusu insha sina la kulinganisha, kwa kuwa majaribio ya bure hayaisahihishi. Yanakuonyesha tu mifano ya insha zilizokwisha kupewa alama.