Shoo ya bure kwenye kampeni: burudani au takrima?

Kobe wa Tandika
Swali langu ni dogo. Mgombea akigawa khanga na pilau, kelele nchi nzima. Akimpandisha jukwaani msanii ambaye ukumbini lazima ukate tiketi kumuona, uwanja mzima ukamtazama bure, tunasema burudani. Kifungu cha takrima, kile kilichoruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu ilikifuta 2006, ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi 2010. Shoo hii tuiweke kapu gani? Na tusidanganyane, wengi wanachezesha midomo tu juu ya pleibeki, yaani wimbo uliorekodiwa, robo saa wameshaondoka.

Fundi Mitambo
Mengine sina neno, ila hilo la kuchezesha midomo ni la mtu asiyejua jukwaa la Fuso, lile la juu ya lori. Msafara una vituo vitano, sita kwa siku, na kampeni mwisho saa 12 jioni. Bendi laivu inataka karibu saa nzima ya kupima sauti kila kituo: dramu peke yake inakula maiki tano, bado besi, gita, kinanda na monita. Saa hiyo utaitoa wapi, na mgombea amechelewa tangu kituo cha pili? Halafu mluzi. Jukwaa la lori ni fupi, spika ziko ubavuni. Msanii akisogea mbele ya spika na maiki iko wazi, mnasikia fiiiii. Ndiyo maana inapigwa biti yenye viitikio, yeye anaimba juu yake. Hiyo ni kazi.

Binti Ngerengere
Fundi, hapo umechagua la kusema. Biti yenye viitikio ni kitu kimoja, wimbo mzima na sauti yake kama redioni ni kitu kingine. Huo wa pili ndio tunaopigiwa, na mluzi hauhusiki. Flashi imeletwa na wimbo ulioshushwa mtandaoni kwa sababu hakuna aliyemwomba prodyuza biti tupu mapema. Mtazame msanii anaposhusha maiki kumpa mkono diwani: sauti inaendelea kama kawaida.

Fundi Mitambo
Hilo ni kosa la meneja, usilibebeshe mitambo. Mafaili mawili kwenye flashi mbili, moja ya akiba. Asiyejua hilo asishike kazi. Na wimbo usipigwe kwenye simu, simu ikiita muziki unakatika mbele ya mgombea.

Mzee wa Gongo la Mboto
Vijana mnatetea uvivu. TOT, kundi la muziki la Kapteni Komba, iliipigia CCM laivu miaka na miaka, na Komba mwenyewe akaishia kuwa mbunge wa Mbinga Magharibi. Sugu na Profesa Jay nao muziki uliwaingiza bungeni pamoja. Kipaji kilikuwepo.

Binti Ngerengere
Pamoja wapi, mzee wangu? Sugu aliingia 2010 Mbeya Mjini, Jay 2015 Mikumi, wote CHADEMA. Na hao waligombea wenyewe. Hapa tunamzungumzia anayekodishwa.

Mzee wa Gongo la Mboto
Mimi nimesema kipaji, wewe umekimbilia kalenda.

Jirani wa Namanga
Mnagombania flashi, huku Kenya vita vilikuwa vya leseni. Mei 2022 muungano wa Azimio wa Raila Odinga walipomtangaza Martha Karua mgombea mwenza, wimbo wa Sauti Sol ukatumiwa, kundi likatoa taarifa kwamba halikuombwa ruhusa. Azimio wakajibu eti walikuwa wanaonyesha mapenzi. Sasa sikilizeni: leseni ya kupiga muziki hadharani inakuruhusu pale uwanjani tu. Ukiubandika wimbo juu ya video ya chama na kuirusha mitandaoni, hiyo ni ruhusa nyingine, unaiomba kwa mwenye utunzi na kwa mwenye rekodi. Hapo ndipo timu za kampeni huteleza, maana mshika kamera hajui fundi muziki amepiga nini.

Kobe wa Tandika
Asante jirani, lakini takrima jamani?

Chawa Mstaafu
Takrima ni kitu unachoondoka nacho nyumbani. Wimbo unaondoka nao vipi?

Kobe wa Tandika
Na pilau nayo huondoki nayo, unaimalizia palepale. Mbona hiyo mnaiita rushwa?

Chawa Mstaafu
Basi kila mwenye ngoma ya asili akamatwe. Wivu tu wa wasioitwa.

Jirani wa Namanga
Tofauti iko kwenye nani kauchagua wimbo. Ule wa Gidi Gidi Maji Maji wa kwetu Kenya, "Unbwogable" wa 2002, haukutungwa kwa ajili ya kampeni. Muungano wa upinzani wa NARC waliudaka ukiwa tayari uko midomoni mwa watu. Linganisha na Uganda 2015, wasanii wakubwa walipoimba pamoja kumpigia debe Museveni, mashabiki wakawasusia. Mwanamuziki Bobi Wine hakuwemo, na kilichofuata mnakijua: akaja kugombea urais dhidi ya Museveni.

Binti Ngerengere
Uganda ya nini? Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 hapa kwetu watu si waliacha kuwafuata wasanii mitandaoni? Anayekodishwa anauza wafuasi wake, na hiyo hasara huwa haimo kwenye bei yake.

Fundi Mitambo
Ndiyo maana mkataba uandikwe vizuri. Idadi ya vituo, siyo idadi ya siku, maana siku moja inaweza kuwa na vituo saba. Nusu ya malipo kabla ya gari kuwaka, nyingine katikati ya msafara; anayekubali "tutamalizana baada ya kura" atapiga simu haipatikani, mgombea awe ameshinda au ameshindwa. Na wimbo uliobadilishwa maneno ukawekwa jina la mgombea, iandikwe unakoma kutumika lini. Prodyuza mwenye biti naye asaini, siyo msanii peke yake.

Chawa Mstaafu
Na wachezaji?

Fundi Mitambo
Waandikwe kwa majina, walipwe mkononi kila jioni. Meneja akisema atawapitishia yeye, hiyo posho wahesabu haipo.

Kobe wa Tandika
Malipo ya mkononi bila risiti, halafu gharama za uchaguzi atazikagua nani?

Fundi Mitambo
Nani kasema bila risiti? Soma tena.