Mdogo wangu anataka kusoma uchumi wa kimataifa digrii ya kwanza, aende China au abaki hapa?

Kaka wa Tabata:
Wakuu habarini za jioni, naombeni ushauri maana nyumbani tumegawanyika. Mdogo wangu kamaliza form six, EGM, yaani ekonomiksi B, jiografia B, hesabu C, na kichwani kwake hakuna kozi nyingine zaidi ya uchumi wa kimataifa. Huyu dogo ikitoka habari ya Trump kupandisha ushuru anaikalisha familia nzima anaanza kuelezea nani ataumia. Sasa tumepekua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), tunachoona zaidi ni Uchumi, Uchumi na Takwimu, Mahusiano ya Kimataifa. Kuna jirani katuambia China kozi ipo kwa jina lenyewe kabisa, uchumi na biashara ya kimataifa, na skolashipu ya serikali yao inapatikana. Mzee yeye anasema asome uhasibu tu, wachumi wamejaa mtaani. Waliopita njia hii mnasemaje? Na hiyo C ya hesabu itamtosha?

Mchumi wa Wilaya:
Mkuu usihangaike na jina la kozi, hangaika na yaliyomo ndani. Digrii ya uchumi ya kawaida hapa kwetu uchumi wa kimataifa umo humo humo, mwaka wa kwanza anapigwa maikro (uchumi wa mtu na kampuni), makro (uchumi wa nchi nzima), kalkulasi na takwimu, huko mbele ndo anakuja kukutana na nadharia za biashara ya nchi na nchi, urari wa malipo (hesabu ya fedha zinazoingia na kutoka nchini) na viwango vya kubadilisha fedha. Nalisema hili kwa sababu ya ajira pia. Ingia Ajira Portal usome tangazo la Mchumi Daraja la II mstari kwa mstari, wanataja shahada ya uchumi kisha fani zinazofanana nayo, ukija na jina refu la kigeni unaanza kazi ya kuthibitisha kwamba wewe ni mchumi wakati wenzako wameshaitwa kwenye usaili. Mimi ningempeleka Uchumi na Takwimu. Mahusiano ya Kimataifa asidanganyike na neno kimataifa, kule ni diplomasia na siasa, kozi nzuri ila sio hiki anachokipenda.

Wa Guangzhou:
Nimesoma hiyo ya China kwa hiyo naongea ninachokijua. Skolashipu ya digrii ya kwanza mara nyingi unaanza na mwaka mzima wa lugha, unafanya HSK, mtihani wa lugha ya Kichina, halafu ndo miaka 4 ya kozi na lekcha ni za Kichina. Mwaka ule wa lugha ndo unaochuja watu maana unatoka kujifunza kusalimia unaingia darasani mwalimu anaandika kalkulasi ubaoni na maelezo yote ni herufi za kwao na hakuna wa kukutafsiria. Faida yake ipo lakini na ni kubwa. Kozi ya kule ina upande wa nadharia na upande wa biashara yenyewe, tulifundishwa mkataba wa mauzo unavyoandikwa, FOB (bei ya mzigo ukishapakiwa melini) na CIF (bei yenye bima na nauli ya meli ndani) zinatofautiana vipi, na nani anabeba hatari mzigo ukizama, LC (barua ya benki ya kumdhaminia muuzaji malipo) inafunguliwaje. Ukimaliza na Kichina kiko mdomoni, wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Guangzhou na Yiwu wanakuhitaji kabla hata hujafungua cheti. Ila kama ndoto ya dogo ni Benki Kuu au utafiti nakubaliana na Mchumi hapo juu, abaki. Na akienda, akirudi asisahau cheti kinapita TCU kwanza kutambuliwa.

Dada Forodha:
Mimi niko kwenye klaringi na nampinga kidogo Mchumi. Vijana wa uchumi wanakuja kwetu fildi wanajua kuchora grafu ya ushuru vizuri sana, ukimpa dokumenti za mzigo halisi anaduwaa. Mfano mzigo una thamani ya CIF milioni 10, bidhaa iliyokamilika, ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki 25% hiyo ni milioni 2.5, VAT 18% inapigwa juu ya 12.5 sio juu ya 10, inakuja milioni 2.25, na hapo sijagusa tozo nyingine. Mzigo huo huo ukitoka Kenya umetengenezwa kule kwa vigezo na una cheti cha uasili, ushuru wa forodha ni sifuri. Hapo ndo uchumi wa kimataifa wenyewe ulipo! Dogo popote atakapoenda akachukue na ile EACFFPC pale Chuo cha Kodi, ndo cheti cha uwakala wa forodha kinachotambulika Afrika Mashariki.

Mwalimu Msaidizi:
Dada Forodha mfano wako nitautumia darasani. Ila naomba niitetee nadharia maana watu wanaisema kama madesa ya kukariri tu. Ricardo mwaka 1817 alitoa hesabu ndogo: Ureno mvinyo unahitaji kazi ya watu 80 kwa mwaka na nguo 90, Uingereza nguo 100 na mvinyo 120. Ureno inamshinda mwenzake kwenye vyote viwili, mtu wa kawaida atasema basi Ureno haina haja ya kununua chochote. Lakini Ureno ikitoa mvinyo wa watu 80 inapata nguo ambazo ingezitengeneza kwa watu 90, Uingereza ikitoa nguo za watu 100 inapata mvinyo ambao ungemgharimu 120, wote wametoka na faida. Mwanafunzi akilielewa hili kweli kweli anaanza kuuliza maswali mazito, mbona sasa korosho yetu inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, faida linganishi ni kitu cha kuzaliwa nacho au kinajengwa?

Halafu kuna suala la mitumba. 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa taratibu, wauzaji wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, wenzetu na sisi tukarudi nyuma, Rwanda ikakomaa na 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia Marekani bila ushuru chini ya AGOA, ule mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Hapo una ushuru, viwanda, ajira na ubabe wa mkubwa, vyote kwenye kisa kimoja. Au 2023 dola zilipoadimika, huwezi kuelewa kwa kuangalia Dar peke yake, lazima ujue Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 mpaka juu ya 5%, dola zikakimbilia kwao, na mafuta tunayonunua kwa dola nayo yakapanda kwa vita ya Ukraine. Kijana anayeikalisha familia kuelezea ushuru msimpeleke uhasibu jamani, mtamuua moyo.

Kuhusu hesabu, C sio mwisho wa dunia lakini ekonometriki, yaani kupima nadharia za uchumi kwa takwimu, haina huruma, watu wengi sapu zao ziko pale. Miezi hii ya kusubiri arudie difrensiesheni na probabiliti, na aanze kuzoea Excel, baadaye Stata au R, programu za kuchambua takwimu. Na ashushe taarifa ya uchumi ya kila mwezi ya BoT (Benki Kuu yetu), ni bure kwenye tovuti yao, afungue jedwali la urari wa malipo na ajaribu kueleza kwa nini dhahabu na utalii vinabeba mzigo wote ule.

Kaka wa Tabata:
Nawashukuru sana wakuu. Nimemsomea mzee yote, kwenye uhasibu amelegeza, ila China kakataa kabisa. Tunaaplai Uchumi na Takwimu chaguo la kwanza. Mwalimu nakuja PM, dogo kashashusha hiyo taarifa ya BoT na ana maswali.