Bushi za mpira au za poliyurethani kwa springi za nyuma za Escort Mk1?

MwanaEscort
Habari zenu wanachama. Nina Ford Escort Mk1 ya mwaka 1972 ambayo nyuma yake imeanza kugonga kila ninapovuka matuta, na fundi wangu wa Industrial Area amethibitisha kwamba bushi za springi, yaani vipande laini vinavyokaa ndani ya ncha za springi, zimekwisha pande zote mbili. Springi zenyewe hazina bamba lililovunjika, ingawa upande wa dereva umelala kidogo. Nimeelezwa njia mbili: kununua bushi za mpira kama zile za kiwandani, au kuagiza za poliyurethani (aina ya plastiki ngumu), ambazo ni ghali zaidi lakini zinasifiwa kwamba hudumu. Gari hutembea mjini, na mara mojamoja huenda Naivasha kupitia Mai Mahiu. Naomba mnilinganishie, na mnieleze pia jinsi ya kuzifunga ipasavyo.

Mzee wa Lang'ata
Kijana, kwa matumizi hayo chukua za mpira. Springi bapa, yaani hiyo yako ya mabamba, haipandi na kushuka tu. Gari linapolala kwenye kona, springi hujipinda kidogo upande, na mpira huuruhusu mpindo huo huku ukimeza kelele za barabara. Poliyurethani ni ngumu, kwa hiyo mtikisiko wote utaupokea kwenye kiti. Najua kuna atakayenitajia Hannu Mikkola, aliyeshinda Safari Rally kwa Escort RS1600 mwaka huohuo wa 1972, lakini gari la mashindano lina kundi la mafundi linalolingoja mbele, nawe una fundi mmoja mwenye foleni ya wateja.

Dada wa Ruaka
Shikamoo Mzee. Ninakubaliana nawe kuhusu kelele, lakini sikubali kwamba poliyurethani haifai. Mafuta yanayovuja kutoka kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma) hulainisha mpira hadi ukavimba, ilhali poliyurethani huyastahimili vizuri zaidi, na nyuma ya gari hukaa imara unapobadilisha njia kwa kasi. Masharti yake ni mawili. Ipakwe grisi ya silikoni, si grisi ya kawaida, la sivyo italia kama kitanda kibovu. Na kabla ya kufunga, hakikisha bomba la chuma la ndani limezidi urefu wa bushi kwa kiasi kidogo, ili bolti ibane bomba na bushi ibaki huru kuzunguka.

Fundi wa Kirinyaga Road
Ndugu zangu, mnabishana kuhusu bushi ilhali nyingi ninazozitoa zikiwa zimepasuka ziliuawa na mfungaji. Bushi ya mpira ya jicho la mbele, yaani tundu la ncha ya mbele ya springi, haizunguki. Mpira umeshikana na bomba la ndani, na bolti ikikazwa bomba hilo haliwezi tena kusogea. Springi ikicheza, ni mpira wenyewe unaojisokota na kujirudisha. Sasa fundi akikaza bolti gari likiwa juu ya stendi na ekseli inaning'inia, hali hiyo ya kuning'inia ndiyo inayokuwa mapumziko ya mpira. Gari likishushwa, mpira hukaa umesokotwa hata likiwa limeegeshwa, kisha lawama humwendea muuza vipuri.

Kwa hiyo funga bolti ya jicho la mbele na za shakeli (kiungo kinachoshika ncha ya nyuma ya springi) kwa mkono tu. Shusha ekseli taratibu kwa jeki juu ya springi hadi kichwa cha bolti ya katikati ya springi kiingie sawasawa kwenye tundu la kikalio chake, maana kikikaa pembeni ekseli itakuwa imekwenda mshazari na gari litatembea kama kaa. Weka yubolti mpya (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi), uzikaze kidogo kidogo kwa kupishanisha. Rudisha magurudumu, shusha gari chini, litikise nyuma mara kadhaa ili springi ijipange, ndipo ukaze bolti zote kwa kipimo cha kitabu cha gari. Baada ya kilomita mia chache, rudia kukaza yubolti.

Jambo moja zaidi: usikubali bushi ya zamani ichomwe kwa gesi ili itoke. Moto huharibu ugumu wa chuma cha jicho, na moshi wake ni sumu. Pitisha msumeno wa chuma ndani, ukate ganda la nje kwa uangalifu bila kugusa jicho, kisha lisukume kwa presi.

MwanaEscort
Ahsanteni sana. Nimeamua kutumia za mpira. Je, upande uliolala niupeleke kwa wahunzi wa jua kali uinuliwe?

Fundi wa Kirinyaga Road
Usiupeleke peke yake. Springi hushughulikiwa mbili kwa pamoja, la sivyo utakuwa umehamisha tatizo upande wa pili. Muulize mhunzi atakavyoikunja. Akikwambia ataipasha moto hadi iwe nyekundu halafu aiache ipoe yenyewe, ondoka nazo, kwa maana zitalala tena upesi. Kabla ya kuzifungua, egesha gari mahali tambarare, sawazisha upepo wa magurudumu, kisha upime pande zote mbili kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Mara nyingine springi ni nzima na kinacholaza upande ni bushi iliyokwisha, kwa hiyo ningefunga bushi kwanza, nikapima tena, ndipo nikamtafuta mhunzi.